Pori la Ituri na desturi iliyolitunza

Watu wengi wakisikia jina la Epulu, wanafikiri okapi tu. Tunawaelewa: nyama ile haishi porini inje ya inchi yetu, na picha yake iko hata kwenye noti zetu. Lakini katika kurasa hizi tunapenda kusema juu ya watu. Hifadhi ya Okapi, inayoenea juu ya kilomita mraba karibu 13.700 katika teritware za Mambasa, Wamba na Watsa, haikuanzishwa mahali patupu. Ilianzishwa ndani ya pori ambalo lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na sheria zao.

Tuanze na sheria hizo. Bambuti wa upande wa Epulu na Mambasa wanawinda kwa nyavu. Kamba yake inatoka katika ganda la mumea unaoitwa kusa. Wanaisokota juu ya paja, na kazi inachukua siku nyingi. Kila jamaa ina wavu wake, lakini wavu moja peke yake haukamati kitu. Ni lazima jamaa nyingi waziunganishe kwa nusu duara, wanaume wakingoja nyuma ya nyavu, wanawake na watoto wakifukuza mboloko na nyama wengine kwa kelele. Kisha nyama inagawanywa, kila mutu kwa haki yake: mwenye wavu, aliyesaidia kuua, aliyebeba. Baefe, upande wa kaskazini, wanatumia zaidi upinde na mishale.

Ndani ya desturi hiyo njo mulinzi wa pori alikuwa amekaa. Kila kundi lilijua eneo lake, na wageni hawakuingia kuwinda bila kupatana na wenyeji. Kambi haikukaa mahali pamoja: nyama wakianza kuwa mbali, nyumba za majani ya mangungu zinaachwa, watu wanahamia ngambo nyingine, na pale palipoachwa panapumzika. Wakati wa asali, miti mikubwa inapotoa maua, uwindaji unapungua, watu wanapanda juu kutafuta nyuki. Hakuna mutu aliyeandika «musimu wa kufunga uwindaji», lakini pori lilipata pumziko lake.

Tena, Bambuti hawakuishi peke yao. Walikuwa na urafiki na wakulima, yaani Babila, Balese, Bandaka na wengine. Urafiki huo ulirithiwa na watoto toka kwa baba zao. Nyama na asali vilitoka porini. Ndizi, chuma na chumvi vilitoka kijijini. Tusidanganyane hapa: haikuwa sawa kwa sawa siku zote. Wenye mashamba wengi waliwaita Bambuti «watu wangu», kana kwamba ni mali yao, na desturi hiyo mbaya haijakufa bado. Lakini kila upande ulihitaji mwenzake, na mashamba yalikuwa madogo kuliko pori.

Halafu dunia ya inje ikaingia. Miaka ya 1880 wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka mashariki walifika Ituri, na kwa njia yao lugha hii tunayoandika ikaota mizizi hapa. Mwaka wa 1887 Stanley alipita katika pori hili kwa mateso makubwa. Katika kitabu chake akataja kwamba Bambuti wanajua nyama moja kama punda, wanaomukamata kwa mashimo. Wataalamu wa Ulaya walimupa okapi jina la kisayansi mwaka wa 1901 tu. Kumbe «ugunduzi» huo ulikuwa habari ya zamani kwa watu wa Ituri!

Serikali ya Wabeleji ilisukuma vijiji vikae kando ya barabara, ili kodi na kazi za lazima viwe rahisi kusimamiwa. Okapi akalindwa na sheria toka mwaka wa 1933, na mwaka wa 1952 kituo cha kukamata okapi kikawekwa kule Epulu. Waliojua njia za nyama huyo na kumukamata akiwa muzima walikuwa Bambuti. Basi toka zamani kazi ya kulinda ilisimama juu ya ujuzi wao, ingawa majina yao hayakuandikwa.

Barabara ilileta pia soko. Toka mwisho wa miaka ya 1950 wachuuzi walianza kufuata kambi mpaka ndani ya pori, wakileta muhogo na muchele ili wachukue nyama kwa kuiuza mujini. Hapo desturi iliguswa moyoni. Kuwinda kwa kula kuna mwisho: tumbo likijaa, watu wanacheza. Kuwinda kwa kuuza hakuna mwisho, kwa sababu muji haushibi.

Ndiyo maana mwaka wa 1992, waziri aliposaini amri ya kuunda Hifadhi, mupango wake ulikuwa tofauti na parki za zamani. Katika Virunga, wakati wa ukoloni, watu walitolewa. Hapa watu walibaki. Wazo lilikuwa kugawanya pori kwa sehemu: sehemu ambapo hakuna kuwinda kabisa, sehemu ambapo wenyeji wanawinda kwa njia za desturi, na sehemu za mashamba kuzunguka vijiji, zenye mipaka ya kupatana na wakaaji. Nyama anayelindwa, kama okapi na tembo, haguswi popote. Kwa kweli mupango huo ulifuata yale wazee walifanya zamani: kuwinda hapa, kuacha kule.

Mwaka wa 1996 UNESCO iliweka Hifadhi katika urizi wa dunia. Mwaka moja tu ukapita, na mwaka wa 1997 ikawekwa kati ya urizi ulio hatarini, kwa sababu ya vita. Mwisho wa mwaka wa 2002, katika vita vya Mambasa vilivyoitwa «Effacer le tableau», raia wengi waliteswa na kuuawa, na Bambuti wakiwa kati yao. Tarehe 24 Juni 2012 watu wa Mai-Mai Simba, wakiongozwa na Morgan, muwindaji wa tembo, walivamia Epulu. Waliua watu, walinzi wawili wakiwemo, na kati ya okapi 14 wa kituo hakubaki hata mmoja. Nyuma ya bunduki hizo kulikuwa pembe na dhahabu. Katika miaka iliyofuata, mashine za dhahabu zilifika kando ya muto Ituri wenyewe, na mipaka ya Hifadhi ikaanza kubishaniwa kwenye ramani.

Sasa tunauliza: nani anaharibu pori? Mara nyingi mulinzi anamukuta kwanza mwenye wavu, kwa sababu yeye hana bunduki wala mukubwa wa kumutetea. Mwenye mashine ana karatasi, au ana mutu wa kumutafutia karatasi. Hatusemi kila Mumbuti ni mulinzi. Njaa na soko vimebadilisha wengi. Tunasema kwamba aliyeonyesha kwa vizazi vingi jinsi ya kula bila kumaliza asiwe wa kwanza kufungwa.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za watu wa asili pygmées imekubali kwamba wana haki juu ya ardhi wanayoitumia kwa desturi. Ni hatua kubwa. Lakini sheria iliandikwa kwa Kifaransa, na kambi nyingi hazijaisikia. Sisi tuliosoma tunaweza kufanya jambo moja bila kungoja Kinshasa: kuieleza kwa lugha wanayoisikia, na kuandika majina ya maeneo ya kila kundi, mito yake na njia zake za asali, wakati wazee wanaoyajua wangali hai. Siku mipaka itakapojadiliwa tena, majina hayo yawe juu ya meza pamoja na ramani za wenye dhahabu.