Sukari ya Kiliba, karanga za Nundu

Karanga hazijawahi kuwa taabu Fizi, mashariki mwa Kongo. Mama mwenye kashamba nyuma ya nyumba, awe Nundu, Swima au Lweba, huvuna za kula, za mbegu na za kuuza sokoni kwa kikombe. Kilichokuwa kikija na kupotea ni sukari. Kwa hiyo anayetaka historia ya kashata ya karanga, ile inayopikwa wiki ya Noeli ikaliwa hadi Bonane, asihangaike sana na karanga. Aifuate sukari.

Karanga zenyewe ni wageni wa siku nyingi. Asili yake ni Amerika Kusini, na Wareno ndio walioanza kuzileta Afrika katika karne ya 16, zikakuta njugu mawe zimekwisha kuota huku. Richard Burton na John Speke walipovuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji kuelekea Uvira mwaka 1858, karanga zilikuwa chakula cha kawaida katika nchi walizopitia, na Burton aliziandika kwa jina hilihili. Ni Burton huyohuyo aliyeiona rasi ya Ubwari akadhani ni kisiwa. Ramani zimemsamehe: ghuba iliyo mbele ya mji wa Baraka bado inaitwa kwa jina lake.

Sukari ilichelewa. Watu walitafuna muwa na kurina asali, lakini sukari ya kupikia ilikuwa bidhaa ya kupanda na misafara kutoka pwani, ambako miwa ya Pangani ilikuwa ikisindikwa tangu karne ya 19. Wabelgiji walipoanzisha kampuni ya sukari Kongo, mwaka 1925, walianzia Moerbeke, magharibi kabisa ya nchi, mahali ambapo leo panaitwa Kwilu-Ngongo. Kwa mtu wa Fizi hiyo ilikuwa sawa na kutoka ng'ambo. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, miwa ilipopandwa bonde la Ruzizi na kiwanda kikasimama Kiliba, kaskazini ya Uvira. Sasa sukari nyeupe ilikuwa safari ya siku moja kwa lori, na kitu kilichokuwa cha wachache kikaingia majikoni.

Ndivyo ilivyokuwa na kwingine. Wamarekani wana tamu yao laini ya sukari, siagi na maziwa, faji, ambayo nao huitia njugu na kileo wakati wa Noeli. Habari zake za kwanza zinazojulikana zinatoka Baltimore, mwaka 1886. Miaka miwili baadaye Emelyn Hartridge, mwanafunzi wa chuo cha Vassar, alipika ratili 30 kwa mnada wa chuo hicho. Wanafunzi waliipenda kwa sababu haikuhitaji jiko la maana, na sukari ilikuwa imeshuka bei.

Kiwanda cha Kiliba kilisimama na vita vya 1996. Mwaka huohuo maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa, na mwezi Novemba kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa mkoani Kigoma, Tanzania. Wengi walikaa huko karibu miaka kumi, katika nchi ambamo kashata huuzwa kando ya kahawa kila kona, si kwa sikukuu tu. Meli za kuwarudisha zilipoanza kutia nanga Baraka mwezi Oktoba 2005, sukari nayo ilikuwa imebadili njia: badala ya kushuka na lori kutoka kaskazini, ilipakiwa boti upande wa Tanzania. Upepo ukichafuka ziwani, bei hupanda.

Jikoni kazi ndefu ni ya kuchambua. Karanga za Noeli kwa kawaida ni za mavuno ya Juni, kwa sababu zilizopandwa Septemba bado ziko ardhini, na miezi sita ghalani inatosha kuingiza sumukuvu. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au chungu hutupwa bila huruma. Zilizobaki hukaangwa, hupepetwa kwenye ungo maganda yatoke, kisha hutwangwa nusu nusu. Sukari na maji kidogo huwekwa juu ya mbabula. Tone likidondoshwa katika maji baridi na kuwa kidonge laini kinachobonyea, sukari imefika karibu nyuzi 115. Ukiongeza maziwa ya unga na kuikoroga inapopoa, unapata kashata laini ya kufanana na ile ya Vassar. Ukiiacha ipande hadi 150 hivi, itapasuka chini ya jino. Wazee wasio na meno wana upande wao katika ubishi huu, na mimi niko nao.

Na kileo? Hapa historia ilifunga mlango mapema. Mkataba wa Brussels wa 1890, kisha ule wa Saint-Germain wa 1919, ilizuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika, huku Mzungu akiendelea na konyaki yake barazani. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na Wamethodisti Huru, ambao hospitali yao ndiyo inayoitambulisha Nundu, nao hawana mzaha na chupa. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, haikukoma kwa hayo. Che Guevara, aliyetoka kuwa waziri wa viwanda wa Cuba, nchi ya miwa, alishuka Kibamba, kwenye ufuo wa Fizi, kuwasaidia waasi wa Kongo tarehe 24 Aprili 1965, na katika kumbukumbu zake za vita pombe ni mojawapo ya malalamiko yake.

Ila sufuria ya Noeli inapikwa mbele ya watoto na pengine mbele ya mchungaji, kwa hiyo ukali wa kooni hutafutwa kwenye tangawizi iliyopondwa. Anayetaka kijiko cha kileo hata hivyo akitie sufuria ikiwa imeshaepuliwa na kupoa kidogo. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78. Kikikutana na sukari ya 115 kitaondoka na mvuke, na majirani ndio watakaoipata harufu.