Mgeni Njoo: Historia ya Kisiwa cha Rebun

Shule za Tokyo zinapofungwa mwezi Julai, joto la mji huo hupita nyuzi 30 mchana, na usiku hauleti nafuu. Likizo huchukua takriban siku 40, na wazazi wenye nafasi hutafuta mahali ambapo watoto wanaweza kukimbia nje bila kuzimia kwa jua. Wengi huelekea Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini. Wachache huendelea hadi Wakkanai, kituo cha mwisho cha reli upande wa kaskazini, hupanda feri, na baada ya karibu saa mbili baharini hushuka Kafuka, bandari ya kisiwa cha Rebun. Huko wastani wa joto la Agosti ni nyuzi 20 hivi. Upepo haukatiki, ukungu hupanda na kushuka juu ya vilima, na jioni watoto huvalishwa sweta.

Kisiwa chenyewe ni chembamba: kilomita 29 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wake hauzidi kilomita 8. Kilele chake kirefu kina mita 490 tu, lakini nyuma ya mlango mwembamba wa bahari unasimama mlima Rishiri wenye mita 1,721, ambao ndio kisiwa kizima cha jirani. Maua ambayo kwingineko Japani humlazimu mtu apande mlima mrefu ili ayaone, Rebun huota karibu na usawa wa bahari, kwa sababu baridi na upepo vimeinyima miti nafasi. Mtoto wa miaka sita anaweza kutembea kati ya maua ya milimani huku akiyaona mawimbi chini yake. Mwaka 1974 visiwa hivi viwili, pamoja na nyanda za Sarobetsu zilizo pwani ya Hokkaido, vilifanywa hifadhi ya taifa.

Ramani za Tokyo huionyesha Rebun pembezoni kabisa, kana kwamba nchi imeishia hapo. Ukiitazama kutoka baharini, picha inageuka: kisiwa kiko njiani. Kwa maelfu ya miaka watu wameingia na kutoka, na kila kundi limeacha jambo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rebun imewapokea wageni waliomponya mwenyeji na wageni waliomletea maradhi, na familia inayoshuka kwenye feri leo imo katika orodha hiyohiyo, ijue au isijue.

Ushahidi wa zamani uko Funadomari, kwenye ghuba ya kaskazini. Huko wanaakiolojia walifukua makaburi ya watu wa Jomon, utamaduni wa kale wa Japani, waliozikwa takriban miaka 3,500 hadi 3,800 iliyopita, wakiwa na mapambo mengi ya makombe. Waliishi kwa kuwinda na kuvua. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha jenomu ya mwanamke mmoja wa makaburi hayo, iliyosomwa kutoka kwenye gego lake. Ndani yake walikuta badiliko la jeni linalohusishwa na chakula chenye mafuta mengi ya wanyama. Badiliko hilo ni la kawaida kwa wakazi wa Aktiki, lakini Wajapani wa leo hawana. Bahari baridi ilikuwa imeingia hadi katika damu yao. Wala hawakuwa watu waliotengwa. Katika mabaki yao kuna mawe ya kijani ya Itoigawa, iliyo mamia ya kilomita kusini, na makombe ya kauri ya bahari za joto. Bidhaa zilipita mkono kwa mkono, pwani kwa pwani, hadi zikafika kwenye kisiwa ambacho leo tunakiita cha mbali.

Baadaye, kuanzia karibu karne ya 5, walifika watu wa utamaduni wa Okhotsk kutoka upande wa kaskazini, kwenye kisiwa cha Sakhalin, mabaharia waliowinda sili na kuvua samaki. Kwenye makazi yao ya Kafukai yamepatikana mafuvu ya dubu, mnyama ambaye hana makao Rebun. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kuwa watoto wa dubu waliokuwemo walitoka kusini mwa Hokkaido. Maana yake ni kwamba mtu fulani alimpakia mtoto wa dubu chomboni akavuka naye bahari, yaelekea kwa ajili ya ibada. Dubu alikuwa na thamani iliyostahili safari hiyo. Baada yao kisiwa kilikuwa cha Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani, ambao majina yao ya mahali bado yanatumika.

Mwaka 1848 jirani, Rishiri, alipokea mgeni wa aina ya pekee. Ranald MacDonald, kijana aliyezaliwa na baba Mskoti na mama wa kabila la Wachinook wa Marekani Kaskazini, aliiacha meli ya kuwinda nyangumi aliyokuwa akifanyia kazi na kujileta ufukweni kwa mashua kama mtu aliyepatwa na ajali. Japani wakati huo ilikuwa imefunga milango, na mgeni aliyeingia bila ruhusa alikamatwa. Alipelekwa Nagasaki, na humo kizuizini akawafundisha wakalimani 14 Kiingereza. Mmoja wao, Moriyama Einosuke, alikuja kutafsiri katika mazungumzo na Komodoa Perry wa Marekani mwaka 1854. Yule aliyeingia kama mhalifu aliwaachia wenyeji maarifa waliyoyahitaji sana.

Enzi ya Meiji, Japani ilipokwisha kufungua milango, ilileta wageni wa kazi. Kila majira ya kuchipua, heringi walifurika pwani kutaga mayai, na wavuvi kutoka kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, waliwafuata. Waliishi kwa makundi katika nyumba kubwa za mbao. Sehemu kubwa ya samaki ilichemshwa, ikakamuliwa mafuta, na makapi yake yakasafirishwa kusini kuwa mbolea ya mpunga na pamba. Katikati ya miaka ya 1950 Rebun ilikuwa na karibu watu 10,000. Kisha heringi wakatoweka, na vijana wakafuata. Sensa ya 2020 ilikuta watu takriban 2,500. Ukilipita gofu la nyumba ya wavuvi, kumbuka kuwa bahari ile ile ilionekana haina mwisho.

Kisa kinachopaswa kusimuliwa zaidi ni cha mbweha. Kati ya 1924 na 1926, mbweha wekundu waliletwa kutoka visiwa vya Kuril. Nia ilikuwa njema: wawale panya waliokuwa wakiharibu miti, na manyoya yao yauzwe. Hakuna aliyejua kuwa wamekuja na tegu mdogo mno. Mbweha na mbwa walimpata kwa kula panya, mayai yake yakatoka katika kinyesi na kuingia kwenye maji na mboga, na binadamu akayameza. Ndani ya ini la mtu mdudu huyo hukua polepole kwa miaka mingi, hivyo wagonjwa walianza kutambuliwa katika miaka ya 1930, wakati mbegu ya maradhi ilikuwa imeshasambaa. Zaidi ya watu 100 waliugua, na wengi wao walikufa. Tiba ya kisiwa ilikuwa chungu: mbweha wote waliuawa, na mbwa pia. Ugonjwa ukakomeshwa Rebun, na hadi leo mbweha hawapo. Lakini Hokkaido yenyewe bado ina maradhi hayo, na watu huonywa wasinywe maji ya vijito. Mzazi anayemwacha mtoto wake akimbie kwenye nyasi za Rebun anafaidi usalama uliolipiwa na wenyeji kwa gharama kubwa.

Wapo pia wageni walioacha kumbukumbu njema. Tarehe 9 Mei 1948, wakati Japani ikiwa chini ya majeshi yaliyoishinda vitani, wanasayansi wa Japani na wa Marekani walikutana Rebun kutazama kupatwa kwa jua. Mwezi ulilifunika jua karibu lote, ukabaki uzi wa mwanga pembeni kwa muda usiofika sekunde moja. Watu waliokuwa maadui miaka mitatu kabla walielekeza darubini zao upande mmoja, na kisiwani pamewekwa mnara wa kumbukumbu.

Utalii wa leo ulishika kasi miaka ya 1960 na 1970, vijana walipoanza kufika na mabegi mgongoni. Nyumba moja ya wavuvi wa heringi, kwenye ufukwe wa magharibi, iligeuzwa kuwa hosteli ya vijana iitwayo Momoiwa-so, na wahudumu wake wanajulikana kwa kuwaaga wageni bandarini kwa nyimbo na ngoma. Lakini pamoja na wasafiri hao walikuja wezi. Okidi ya Rebun, ua la rangi ya maziwa linalochanua mwishoni mwa Mei na Juni, lilichimbwa na wakusanyaji hadi likakaribia kwisha. Mmea huo hauchipui porini bila kuvu maalumu udongoni, na huchavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya, kwa hiyo anayeung'oa anavunja mnyororo mzima. Tangu 1994 unalindwa kwa sheria ya taifa, na eneo lake kuu limezungushiwa uzio na kuwekewa walinzi.

Familia inayofika Julai au Agosti hulikosa ua hilo, lakini hukuta msimu wa kombu, mwani mpana ambao wapishi wa Kyoto huuthamini kwa mchuzi. Alfajiri mashua hutoka, na mwani ukifika nchi kavu, babu, bibi na wajukuu huutandaza juu ya kokoto ukauke. Huu pia ni msimu wa uni, mnyama wa miiba wa baharini. Mvuvi huinama pembeni mwa mashua ndogo na kuchungulia kupitia sanduku lenye kioo chini yake, akiwaokota mmoja mmoja kwa saa chache zilizoruhusiwa, bahari inapotulia. Watu walioonja kutoweka kwa heringi wamejifunza kuvua kwa kipimo.

Kwa hiyo namshauri mzazi atenge asubuhi moja ya likizo kwa makumbusho ya Kafuka, ili watoto wayaone makombe ya Funadomari kabla ya kupanda vilima. Wenyeji wachache waliobaki hawawezi peke yao kuilinda Rebun. Feri humleta kila msimu mtu anayeweza kukanyaga, kung'oa, au kuingiza kitu kisichofaa bila kukusudia, kama walioleta mbweha hawakukusudia mauti. Mtoto aliyefundishwa kubaki kwenye njia, kusafisha viatu kabla ya kuingia porini, na kula uni akijua kwa nini ni ghali, amekwishapata elimu ambayo shule iliyofungwa Julai haikumpa. Wageni wa namna hiyo ndio kisiwa kinawahitaji, na baridi tamu ya Agosti ni haki yao.