Neno “let” la Kiingereza: kuruhusu au kuzuia?

Wahubiri wengi kati yetu wanaosoma Biblia ya Kiswahili au ya Kifaransa hufungua pia ile ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapishwa mwaka 1611, kwa sababu inapatikana bure katika simu. Humo mna kitenzi kifupi kinachotaka uangalifu: “let”.

Maana na matumizi

Katika Kiingereza cha leo, “let” ni kuruhusu, kuacha jambo litendeke. Umbo lake halibadiliki katika wakati uliopita. Hutumika pia kwa kualika: tunaposema “na tuombe”, Waingereza husema “let us pray”. Katika Mwanzo 1:3, Mungu anapoamuru nuru iwe, Biblia hiyo hutumia neno hilohilo. Tena, huko Uingereza, kibao cha “to let” mbele ya nyumba chaonyesha kwamba nyumba inapangishwa.

Asili

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili. Cha kwanza, “lætan”, kilimaanisha kuacha au kuruhusu; ni ndugu wa “lassen” ya Kijerumani. Cha pili, “lettan”, kilimaanisha kuzuia au kuchelewesha, nacho kina undugu na neno “late”, yaani kwa kuchelewa. Baadaye matamshi yao yalifanana, na vyote viwili vikawa “let”. Ndivyo neno moja lilivyobeba maana mbili zinazopingana.

Katika Biblia

Mwaka 1611 maana zote mbili zilikuwa hai. Kutoka sura ya 5 yatosha kuzionyesha. Katika mstari wa 1, Bwana anamtaka Farao awaache watu wake waende: hapo “let” ni kuruhusu. Katika mstari wa 4, Farao anawashtaki Musa na Haruni kwamba wanawazuia watu wasifanye kazi zao: hapo “let” ni kuzuia.

Vivyo hivyo katika Warumi 1:13, Paulo anasema alikusudia mara nyingi kwenda Roma, lakini alizuiwa. Asiyejua maana ya zamani atadhani aliruhusiwa.

Hatari kubwa zaidi iko katika 2 Wathesalonike 2:7. Paulo anasema kwamba siri ya uasi inatenda kazi, lakini yuko anayeizuia. Kiingereza cha 1611 kinasema “letteth”. Akisoma kwa maana ya leo, mhubiri atafundisha kwamba yuko anayeuruhusu uovu. Kwetu mashariki mwa Kongo, mbele ya watu waliokimbia vita, hilo si kosa dogo: atawaondolea faraja ambayo mtume aliwapa Wathesalonike, kwamba uovu umewekewa kizuizi.

Agano Jipya la Kiingereza lililosahihishwa mwaka 1881 liliondoa utata huo katika mistari hiyo miwili ya Paulo. Leo maana ya kuzuia imebaki mahali pachache, kama katika mchezo wa tenisi, mpira wa kuanzia unapogusa wavu na kurudiwa.

Basi, ndugu, Kiingereza kinapoonekana kupingana na Kiswahili, tusiharakishe kudhani kwamba Kiswahili kimekosea. Katika mistari hii ya Paulo, Biblia yetu imesema wazi: kuzuia. Tulinganishe kwanza, ndipo tupande mimbarani.