The African Queen na Vita Vilivyopita Same

Kigoma wageni huambiwa kwamba Liemba ndiyo meli ya kwenye filamu ya The African Queen. Dai hili limerudiwa hadi likaingia katika maandishi ya utalii. Ni kweli kwamba meli hiyo, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, hutajwa kuwa chimbuko la manowari ya Kijerumani katika riwaya ya C. S. Forester ya 1935 iliyozaa filamu hiyo. Lakini John Huston alipiga filamu yake mwaka 1951 huko Kongo na Uganda, na Liemba haimo. Isitoshe, manowari ya filamu inalipuliwa, ilhali Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Ugomvi wa meli uishie hapo. Umekula wino mwingi, na umeficha jambo zito lililo katika dakika za mwanzo za filamu. Ni Septemba 1914, mwanzo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari wa jeshi la Wajerumani wanaingia kijijini, wanachoma nyumba na kuwaswaga wanakijiji. Kisha Waafrika karibu wote wanatoweka, na tunabaki na Humphrey Bogart, Katharine Hepburn na mto.

Wahakiki wa wakati ule hawakusumbuliwa na hilo. Walisifu waigizaji na rangi za mpiga picha Jack Cardiff, wakabishana kama mwisho wake unaaminika. Bogart akapata Oscar yake pekee. Wapo hadi leo wanaosema kwamba hadithi ya mapenzi haidaiwi historia. Hoja hiyo siipokei: aliyefungua kwa kijiji kinachoungua amekwisha kutuahidi habari za watu wa kijiji hicho. Ninaowasikiliza ni wale wanaoona kwamba ule mwanzo ndio sehemu ya kweli kuliko zote, na kwamba Huston aliushika ukweli kisha akauachia.

Ukweli huo ulipita Upare. Historia ya Same, mji wa Upare, ikitajwa, watu hukimbilia Mbiru, maelfu walipokusanyika mwaka 1945 kupinga kodi. Mbiru inastahili heshima hiyo, ila mwaka 1916 umeachwa yatima. Mei mwaka huo, mvua zilipopungua, Jenerali Jan Smuts alilisukuma jeshi la Waingereza kutoka Kahe kuelekea kusini-mashariki. Safu moja ilishuka na mto Pangani, nyingine ikafuata reli ya Tanga hadi Same, na ya tatu ikapenya pengo la Ngulu, kati ya Upare wa Kaskazini na wa Kusini. Wajerumani walirudi nyuma wakiharibu reli. Tarehe 31 Mei Waingereza walikuwa Buiko.

Yupo shahidi wa safari hiyo ambaye wapenzi wa filamu hawamtaji: Francis Brett Young, daktari wa jeshi aliyefuatana na kikosi cha Rhodesia, milima ya Upare ikiwa mkono wake wa kushoto. Kitabu chake, Marching on Tanga, kilitoka mwaka 1917. Ni macho ya ofisa Mwingereza, na yasomwe hivyo. Lakini vumbi, miiba na homa vimo, na vita vyake vinakwenda kwa miguu. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, reli imeharibiwa, magari yanakwama. Basi mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Kabla vita havijaisha, pande zote mbili zilikuwa zimechukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa karibu 100,000, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Watu kama wapagazi hao ndio wanaoswagwa katika dakika zile za mwanzo za filamu. Kamera ingeliwafuata hatua chache, tungelikuwa na filamu ya vita vya Afrika Mashariki, na wahakiki wangelilazimika kuvizungumzia. Huston alichagua mashua. Wanaoionyesha filamu hii leo kwa vijana wa Same waisimamishe hapo kijiji kinapoungua, wasome kurasa za Brett Young kuhusu njia ya Pangani, ndipo waendelee.