Mombasa, Mji wa Bandari Mbili

Wageni wengi wanaofika Mombasa hawaioni Mombasa. Hushuka uwanja wa ndege au kituo cha reli cha Miritini, wakapitishwa mbiombio ndani ya gari lililofungwa vioo, na jua linapokuchwa wako Nyali au Diani, miguu mchangani. Katika wiki nzima mji hupewa nusu siku: picha chini ya pembe za ndovu za Barabara ya Moi, mzunguko wa haraka katika ngome ya Wareno, kisha duka la vinyago. Pembe zenyewe ni za alumini, zilisimamishwa miaka ya 1950 kuwapambia njia wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na kwa maoni yangu ndicho kitu chenye maana ndogo kuliko vyote vinavyopigwa picha kisiwani. Sina ugomvi na mchanga wa Diani. Ila mchanga mweupe unapatikana katika pwani nyingi za dunia, na bandari yenye mambo kama ya Mombasa haipatikani.

Anayetaka kuuelewa mji huu aanze na maji. Kisiwa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa mashariki ni mkondo unaoingia hadi Tudor, na mdomoni mwake ndipo ilipo Bandari ya Zamani. Upande wa pili ni Kilindini. Mkono wa kwanza ulizaa mji, wa pili ukazaa reli na pamoja nayo Kenya tunayoijua.

Bandari ya Zamani ilikuwa ya majahazi. Kaskazi iliyaleta kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Kati ya pepo hizo mbili watu walifanya biashara, walioa, walijenga misikiti. Msafiri Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu. Aliandika kuwa wenyeji walikula samaki na ndizi, nafaka ikiwafikia kutoka nje ya kisiwa, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, nao wakiosha miguu kabla ya kuingia.

Mreno Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akashuku na kushukiwa, akang'oa nanga kwenda Malindi alikopokewa vizuri zaidi. Miaka saba baadaye Francisco de Almeida aliuteka mji na kuuchoma moto. Wareno walirudi tena kuuteka mwishoni mwa miaka ya 1520, na kila mara mji uliinuka. Ndipo mwaka 1593 walipoanza kujenga ngome kwenye mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mwitaliano aliyekuwa akiwatumikia India. Ukiifikia ngome hiyo, usikimbilie vyumba vya maonyesho. Panda kwanza kwenye buruji za upande wa bahari utazame mizinga inaelekea wapi. Utaona kuwa hakuna chombo kilichoweza kuingia bandarini bila kupita chini ya jicho lake.

Wanaotembeza wageni husimulia ngome hii kama hadithi ya Wareno na Waarabu, Waswahili wakiwa watazamaji. Si kweli. Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa alilelewa Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, baada ya baba yake kuuawa kwa hila za Wareno. Aliporudishwa kutawala, alivumilia kwa muda, kisha Agosti 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni na kuwamaliza Wareno wa mji. Aliurudia Uislamu, akazuia merikebu zilizotumwa kumwadhibu, na mwaka uliofuata akaingia baharini kuendelea kuwasumbua.

Upande mwingine wa kisa hicho ni mazingiwa makubwa. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696 na kukaa nje yake karibu miaka mitatu. Ndani, tauni iliua wengi kuliko risasi. Katikati ya mwaka 1697 Wareno walikuwa wamekwisha karibu wote, na walioishika ngome kwa majuma kadhaa walikuwa Bwana Daudi wa Faza, jamaa zake na Waafrika wengine, wanawake kwa wanaume. Ndiyo: Waswahili wa Faza waliilinda ngome ya mfalme wa Ureno dhidi ya Waislamu wenzao, kwa sababu za ugomvi wa miji ya Pwani ambao ulikuwa mkongwe kuliko ujio wa Mreno yeyote. Msaada ulipokuja kutoka Goa, merikebu Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome mwaka huohuo wa 1697. Wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vyake vimo katika jumba la makumbusho ngomeni. Ngome ilianguka Desemba 1698. Siku chache baadaye zikatokea merikebu nyingine za msaada, zikaiona bendera ya Omani, zikageuka.

Baada ya hapo zilikuja enzi za Wamazrui, waliotumwa na Omani kisha wakajifanyia utawala wao. Ni katika mapambano yao na Seyyid Said, sultani wa Omani, ndipo Muyaka bin Haji alipotunga mashairi yaliyoifanya Mombasa mji wa washairi kuliko mji mwingine wowote wa Kenya. Wamazrui waliomba ulinzi wa Waingereza mwaka 1824. Kapteni Owen wa manowari Leven akakubali bila idhini ya wakubwa wake, akamwacha Luteni Reitz kuwa gavana. Reitz alikufa kwa homa mwaka huohuo. Jina lake limebaki kwenye hori la Port Reitz, na la manowari kwenye Leven House karibu na Bandari ya Zamani. Seyyid Said aliuchukua mji mwaka 1837. Waingereza waliporudi kwa kukaa, waliifanya ngome jela kuanzia 1895 hadi 1958. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011.

Ukitoka ngomeni, fuata Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu. Tuktuk haitakusaidia hapa. Kuna milango ya nakshi, roshani za mbao zilizoegemea barabara, na Msikiti wa Mandhry wenye mnara wa mviringo, ambao husemwa ulijengwa 1570 na ambamo watu wanaswali hadi leo. Endelea hadi Bandari ya Zamani. Utakuta pamepoa, majahazi makubwa ya masafa ni machache siku hizi, na soko la samaki lina shughuli kuliko gati. Ukiona njaa, viazi vya karai na mahamri kwa mbaazi havihitaji hoteli. Jioni utawakuta wazee barazani na kahawa chungu, na mtu anayeamkia vizuri hufunguliwa mazungumzo ambayo hakuna kitabu cha watalii kinachoyauza.

Kilichoipoza Bandari ya Zamani ni meli za chuma. Zilitaka kina, na Kilindini panacho. Mwaka 1896 reli ilianza kutandazwa kutoka kisiwani, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na tangu hapo uso wa mji ukageuka: mgongo kwa majahazi, kifua kwa meli. Gati za kina kirefu zilijengwa Kilindini katika miaka ya 1920. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, kikosi cha Waingereza cha bahari ya mashariki kilihamia hapa, na shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kusoma siri za mawasiliano ya Wajapani. Wanafunzi wanaopita leo kwenye varanda zake huenda hawajaambiwa. Leo gati hizo zinalisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, na ndiyo sababu bei ya mafuta Kampala husikia kila kikwazo cha Kilindini.

Bandarini kwenyewe mgeni haingii. Mahali pa kutazamia ni ukingo wa bahari wa Mama Ngina, chini ya mibuyu mikongwe, pale meli ya makontena inapopita karibu mno na ukingo hata watoto wakaipungia mkono. Hapo pana mabaki ya ngome ndogo ya St Joseph, ambayo karibu kila mtu huipita akienda kununua madafu na mihogo ya kukaanga.

Halafu panda feri ya Likoni. Kwa mwenda kwa miguu ni bure, na hakuna mahali pengine ambapo Mombasa nzima husimama bega kwa bega hivyo: wapagazi, makarani, wanafunzi, mama mwenye beseni la samaki. Weka simu mfukoni. Askari hawapendi picha hapo. Kivuko hiki kina huzuni yake pia. Aprili 29, 1994 feri ya MV Mtongwe ilipinduka karibu na hapo, wakafa watu 272, na kila mkaazi wa Likoni wa umri fulani anamjua aliyeondoka siku hiyo. Daraja la kuelea la waenda kwa miguu lilizinduliwa mwishoni mwa 2020, lakini feri ndiyo bado mshipa wa mji.

Ng'ambo ya kaskazini nitataja viwili tu. Kengeleni, ambako wamisionari waliwaweka watumwa walioachiwa huru kuanzia miaka ya 1870, bado kuna kengele iliyopigwa kuwatahadharisha na wateka watumwa. Maelfu hupita hapo kila siku wakielekea Nyali. Na Bamburi, machimbo ya saruji ambayo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971, akitumia majongoo kuozesha majani yake, leo ni msitu wenye twiga na viboko. Hayahusiani na bandari, ila ni kazi ya kustahiwa.

Mwenye siku mbili tu azimalizie kisiwani. Njoo kati ya Desemba na Machi ukipenda bahari tulivu, vaa nguo za stara Mji wa Kale, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na umlipe mwongozaji aliyezaliwa mitaa yake ya Kuze au Kibokoni badala ya yule aliyetumwa na hoteli. Ngome hufunguliwa kila siku saa mbili asubuhi. Fika saa hiyo, kabla jua halijawa kali na kabla mabasi ya watalii hayajafika.