Mzigo wa Sarufi Aubebe Mwalimu: Sarufi Rasmi na Uandishi wa Watoto katika Kiswahili

Kwa miaka mingi mtihani wa Kiswahili wa kumaliza darasa la saba nchini Tanzania ulikuwa na sehemu iliyoitwa Utungaji. Mtahiniwa alipewa sentensi zilizovurugwa, akatakiwa kuzipanga ziwe na mtiririko kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mtoto aliweza kupata alama zote za utungaji bila kutunga hata sentensi moja. Katika karatasi hiyohiyo aliulizwa neno fulani liko ngeli gani, neno lililopigiwa mstari ni la aina gani, kitenzi kimo katika kauli ipi. Mpangilio huo ulimfundisha mtoto jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha: kwamba kukijua Kiswahili ni kuyataja maumbo yake, na kuandika ni jambo litakalokuja baadaye, kama litakuja.

Makala haya yanatetea msimamo kwamba mtoto hahitaji maarifa ya sarufi rasmi ili aandike vizuri, na kwamba anayeyahitaji, tena kwa kina kuliko anavyodaiwa sasa, ni mwalimu wake. Kwa sarufi rasmi ninakusudia uwezo wa kuzitaja kanuni na kuzichambua: kusema kwamba *kijiko* kimo katika ngeli ya KI-VI, kutenga kiima na kiarifu, kuchora matawi ya sentensi. Uwezo huo si sawa na umilisi. Mtoto wa miaka minne aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja husema *kijiko kimeanguka* na papo hapo akasema *kijana ameanguka*, wala hachanganyi, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA. Patrick Hartwell, aliyeandika kuhusu mjadala huu nchini Marekani mwaka 1985, alionyesha kwamba mabishano mengi yanatokana na kuzichanganya maana hizi za sarufi. Nasi tumezichanganya. Tunampima mtoto uwezo wa kutaja, kisha tunasema tumempima lugha.

Inafaa tukumbuke vitabu vya kwanza vya sarufi ya Kiswahili viliandikiwa nani. Johann Ludwig Krapf alichapisha muhtasari wake mwaka 1850, Edward Steere akatoa kitabu chake mwaka 1870, na Ethel Ashton akatoa kile kilichotumika kwa miongo mingi mwaka 1944. Walengwa walikuwa wamisionari, maofisa na wageni wengine watu wazima, ambao hawakuwa na neno hata moja la Kiswahili na walihitaji mlango wa kuingilia. Kwa kazi hiyo majedwali ya ngeli yalifaa sana. Wataalamu wetu waliofuata waliipanua elimu hiyo, wakaisahihisha, wakaiandika kwa Kiswahili chenyewe, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini namna ya kuifundisha shuleni ilibaki na sura ya mgeni anayebisha hodi. Mtoto aliyekwisha kuingia ndani ya nyumba anarudishwa mlangoni ajifunze majina ya bawaba.

Swali la kama sarufi hii humsaidia mtoto kuandika limefanyiwa utafiti mwingi, hasa katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Mwaka 1963 Richard Braddock na wenzake, baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo Marekani, walihitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi hakuboreshi uandishi, na huenda kukaudhoofisha kwa sababu kunakula muda wa kuandika. Wapo waliosema tafiti hizo za zamani zilikuwa dhaifu, na hawakukosea. Ndipo Warwick Elley na wenzake wakawafuatilia wanafunzi 248 wa sekondari nchini New Zealand kwa miaka mitatu. Baadhi yao walisoma sarufi geuzi, wengine sarufi ya kimapokeo, na wengine hawakusoma sarufi bali waliutumia muda huo kusoma vitabu na kuandika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1976 hayakuonyesha tofauti ya maana katika uandishi wao. Miaka mitatu ya sarufi haikuwapa waliofundishwa faida iliyoonekana mbele ya wenzao ambao hawakufundishwa kabisa.

Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyowahusu wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12. Mbinu karibu zote walizozipima zilikuwa na faida. Kufundisha hatua za kupanga, kuandika na kupitia upya kulikuwa na athari ya 0.82 (sifuri ikimaanisha hakuna athari), mazoezi ya kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi moja yenye maana nzito yalikuwa na athari ya 0.50. Sarufi rasmi ndiyo iliyopata alama hasi: −0.32. Nasisitiza ile mbinu ya pili. Kuunganisha sentensi ni kazi ya sarufi tupu. Tofauti ni kwamba mwanafunzi huitenda badala ya kuitaja.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 2013 watoto wa miaka 10 na 11 huko wanafanya mtihani wa taifa wa sarufi, uakifishi na tahajia, na mtaala wa mwaka 2014 ukawatwisha watoto wadogo msamiati mrefu wa istilahi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, wakiongozwa na Debra Myhill, walionyesha mwaka 2012 kwamba sarufi ikifungamanishwa na kazi halisi ya uandishi inaweza kuleta manufaa, ingawa walionufaika zaidi walikuwa wale ambao tayari waliandika vizuri. Kisha mwaka 2022 Dominic Wyse, Bas Aarts na wenzao wakatoa matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa miaka 6 na 7: masomo ya sarufi, hata yaliyoandaliwa kwa ustadi, hayakuziboresha hadithi walizoandika watoto hao. Kwa umri mdogo ushahidi umeelemea upande mmoja.

Hata hivyo sitaki tuubebe ushahidi huu mzimamzima kutoka London au Auckland tuutue Morogoro au Kakamega. Kiingereza kina viambishi vichache, nacho Kiswahili hujenga kitenzi kwa kupanga mofimu, na hilo lina uzito katika maandishi. Mtoto anayeandika *nime kuja*, *ana cheza*, *kwasababu* au *namimi* si kwamba hajui kusema. Hajui mpaka wa neno uko wapi, na sikio halimwambii, maana katika usemi hakuna nafasi kati ya maneno. Vilevile kuandika *alie* badala ya *aliye*, kosa ambalo limeenea hadi magazetini, hakurekebishwi kwa kusikiliza, kwa kuwa wengi wetu hatuitamki ile *y* kwa nguvu. Hapa ninakubali kwamba kuiona mofimu kunasaidia. Mtoto akionyeshwa *aliyekuja, waliokuja, kilichokuja, zilizokuja* zimepangwa wima, ataona kwamba kuna kipande kinachobadilika katikati na ambacho hakiwezi kukatwa. Kwa hilo hahitaji kukariri kwamba kipande hicho kinaitwa O-rejeshi. Anahitaji kukiona, kukiandika katika sentensi zake mwenyewe, na kusahihishwa mara kwa mara.

Pingamizi zito zaidi linawahusu watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Mtoto anayetoka kwenye Kisukuma au Kinyakyusa huja na ngeli zake kutoka nyumbani, hivyo mfumo si mgeni kwake, ila maumbo. Mtoto wa Kimaasai au wa Dholuo hana mfumo wa upatanisho wa aina hii. Na mtoto wa Nairobi aliyelelewa katika Sheng husikia *kitabu yangu* na *gari yangu* kila siku, kutoka kwa watu wazima anaowaheshimu. Je, hawa hawahitaji jedwali la ngeli?

Jedwali linaweza kumsaidia mwanafunzi aliyekwisha kukua kidogo kuhakiki alichoandika. Halimpi upatanisho. Mwalimu yeyote wa Kiswahili amemwona mwanafunzi anayejaza vizuri pengo la *kitabu ch—*, anapata vema, kisha katika insha ya wiki hiyohiyo anaandika *kitabu yangu*. Alipojaza pengo alikuwa akikumbuka kanuni. Alipoandika insha alikuwa akifikiri juu ya kitabu. Upatanisho unaofaa katika uandishi ni ule unaokuja mtu akiwa anafikiri juu ya jambo jingine, nao huletwa na wingi wa kusikia, kusoma na kusimulia. Shule isiyo na vitabu vya hadithi haiwezi kuufidia upungufu huo kwa kuongeza vipindi vya ngeli. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa letu kubwa zaidi: tumetafuta katika sarufi kile kilichopaswa kutafutwa maktabani.

Historia ya fasihi yetu inatoa funzo ambalo mara nyingi hutolewa nusu. Ni kweli kwamba Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, miaka kumi kabla muhtasari wa Krapf haujachapishwa, na mashairi yake yanasomwa hadi leo. Ni kweli pia kwamba Mwana Kupona aliandika utendi wake mwaka 1858 bila kutegemea kitabu chochote cha sarufi ya Kiswahili. Lakini kusema kwamba watu hawa waliandika kwa kipaji tu ni kuwapunguzia heshima. Washairi wa pwani walikuwa na elimu ya wazi, yenye istilahi zake: mizani, vina, ukwapi, utao, kituo. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliiweka sehemu ya elimu hiyo katika kitabu mwaka 1954. Mtunzi alijifunza *kina* kwa sababu mstari wake ulikuwa ukikihitaji siku hiyo. Istilahi ilikuja pamoja na kazi, ikakaa kwa sababu ilitumika. Hiyo ndiyo nafasi halali ya istilahi katika kumlea mwandishi, na tunayo katika utamaduni wetu wenyewe.

Tuchukue mfano wa darasani. Mtoto wa darasa la tano anaandika: *Jumamosi tulikwenda shambani. Tulifika. Tulilima. Baba alisema tupumzike. Tulipumzika. Tulikula mihogo. Nyoka alitokea. Tulikimbia.* Kisarufi aya hii haina kosa hata moja. Mwalimu wa jedwali hana la kusahihisha, ataweka alama ya vema na kupita. Mwalimu anayeijua sarufi ya masimulizi anaona mengi. Anaona kwamba *-li-* imerudiwa katika kila tendo, hivyo kila sentensi inaanza upya na hakuna tukio linaloegemea jingine. Anamuuliza mtoto: nyoka alitokea mkiwa mnafanya nini? Mtoto anajibu kwa mdomo, na jibu lake ni zuri kuliko maandishi yake: *tulipokuwa tukila*. Mwalimu anamwambia aliandike hivyo. Kisha anasoma kwa sauti namna mbili, *nyoka akatokea* na *akatokea nyoka*, na kuuliza ipi inashtua. Watoto huichagua ya pili, kwa sababu Kiswahili hupenda kumtanguliza mtendaji anayejulikana, na mgeni humtambulisha mwisho, baada ya kitenzi. Aya sasa inasomeka: *Jumamosi tulikwenda shambani. Tukafika, tukalima mpaka baba akasema tupumzike. Tulipokuwa tukila mihogo, akatokea nyoka. Tukakimbia.*

Katika somo hilo mtoto amefanya kazi na njeo, rejeshi ya wakati, uambatanishaji na mpangilio wa maneno. Hajatajiwa hata istilahi moja, na hajapungukiwa na kitu. Lakini mwalimu asiyejua tofauti ya *-li-* na *-ka-* katika masimulizi, asiyejua kwa nini nomino huhamia baada ya kitenzi, asingeweza kuuliza maswali yale. Angebaki kuandika pembezoni “boresha lugha”, agizo ambalo mtoto hana njia ya kulitekeleza.

Kwa hiyo sitetei mwalimu asiyejua sarufi, na mafunzo yetu ya ualimu yanastahili kulaumiwa hapa. Mwanachuo hufundishwa kuainisha ngeli kwa vigezo vya kimofolojia na vya kisintaksia, naye huenda akaingia darasani bila kuwahi kufundishwa namna ya kuisoma aya ya mtoto na kuona ndani yake chaguo moja tu la kumwonyesha wiki hii. Anafundisha alichofundishwa. Idadi ya wanafunzi inamsukuma huko pia: elimu ya msingi bila malipo ilijaza madarasa Kenya kuanzia mwaka 2003, na Tanzania mwaka 2016, na kusahihisha insha za darasa lililofurika ni kazi ya usiku kucha, ilhali maswali ya ngeli husahihishwa kwa dakika chache. Sababu hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Lakini aya fupi ya sentensi tano, iliyoandikwa mara mbili na kujadiliwa ubaoni kwa mfano wa mtoto mmoja, inawezekana hata katika darasa kubwa, na ina faida kuliko insha ya kurasa mbili isiyosomwa na mtu.

Mitaala na mitihani bado inavuta upande wa pili. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4, sehemu ya matumizi ya lugha ina alama 40, sawa na karatasi nzima ya insha. Mtaala wa umilisi wa Kenya, kwa nia zake zote njema, bado umeitenga sarufi kama mada yake, kando ya kuandika. Kama sarufi ingeingizwa ndani ya kuandika, walimu wangelazimika kueleza kila kipengele kinamsaidia mtoto kuandika nini, na vile ambavyo havina jibu vingesubiri hadi sekondari ya juu, ambako sarufi inastahili kusomwa kama taaluma kamili, kwa uzuri wake wenyewe, na wanafunzi wanaoweza kuufurahia.

Ninawaomba basi wakuza mitaala na mabaraza ya mitihani ya nchi zetu waanze na jambo moja lililo ndani ya uwezo wao: kila mtihani wa Kiswahili wa shule ya msingi umtake mtahiniwa aandike aya yake mwenyewe, na aya hiyo ibebe alama nyingi kuliko maswali yote ya ngeli na aina za maneno yakijumlishwa. Walimu hufundisha kinachopimwa.