Kijiji Kilichogeuka Ukoo: Ufuatiliaji wa Wahenga wa Familia za Freretown na Rabai, 1873–1907

1.0 Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, anayetaka kuujua ukoo wake huanza kwa wazee, na wazee humwonyesha makaburi. Nasaba husomwa ardhini kabla ya kusomwa katika maandishi: nani alifyeka msitu huu kwanza, nani alizikwa chini ya mti ule, koma za nani hutambikiwa. Katika hali hiyo, historia ya kijiji na historia ya familia ni kamba moja yenye nyuzi mbili.

Makala haya yanachunguza vijiji ambamo nyuzi hizo hazikuanza pamoja. Freretown, iliyo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Kisauni, na kituo cha misheni cha Rabai vilikaliwa na watu ambao wengi wao walifika bila wazazi, bila ndugu, na mara nyingine bila majina waliyopewa walipozaliwa. Mjukuu anayefuatilia wahenga wake hapo hupanda kizazi kwa kizazi hadi kwa mtu mmoja aliyeshushwa kutoka manowari au aliyetoroka shambani usiku, na hapo mnyororo wa majina hukatika. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya kijiji inaweza kumfikisha mtafiti kwa mhenga wa kwanza aliyeishi huru pwani, lakini ni nadra kumvusha hapo. Na kwamba mkatiko huo wenyewe ni ushahidi wa kihistoria unaopaswa kuandikwa kama ulivyo.

2.0 Chimbuko la Vijiji

Rabai ni kituo kikongwe. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann wa Church Missionary Society (CMS) walikaa hapo tangu mwaka 1846, miongoni mwa Warabai, ambao ni sehemu ya Wamijikenda. Kwa takriban miaka thelathini kituo hicho kilibaki na waumini wachache sana. Hali ilibadilika baada ya Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa, palihitajika mahali pa kuwaweka watu waliookolewa. CMS ilimtuma William Salter Price, aliyekuwa amewalea Waafrika waliookolewa katika kituo cha Sharanpur, karibu na Nasik nchini India. Mwaka 1875 ardhi ilinunuliwa na kijiji kikaanzishwa, kikaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar kuusukuma mkataba huo.

Jambo la umiliki lina uzito kwa mtafiti wa nasaba. Ardhi ya Freretown ilikuwa mali ya misheni; wakazi waliishi juu yake kwa idhini na kanuni za misheni. Kwa hiyo kaburi la babu katika kijiji hicho huthibitisha kuwa aliishi na kufa hapo, lakini halibebi ile maana ya haki ya ardhi ambayo kaburi la babu hubeba katika kiambo cha ukoo. Wazao wake waliweza kurithi kumbukumbu za mahali pasipo kurithi mahali penyewe.

3.0 Makundi Matatu, Njia Tatu za Utafiti

Kosa la kwanza katika kufuatilia familia za vijiji hivi ni kuzichukulia zote kuwa na asili ya namna moja. Kulikuwa na angalau makundi matatu, na kila kundi liliacha nyayo za aina yake.

Kundi la kwanza ni Waafrika wa Bombay. Hawa waliokolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa, kisha wakarudishwa Afrika Mashariki kuwa walimu, mafundi na wainjilisti. Miongoni mwao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Kwa kuwa walijua kusoma na kuandika, habari zao ni nyingi. Hata hivyo, habari hizo huanza India. Nyuma ya India kuna bahari na ukimya.

Kundi la pili ni mateka, yaani waliotolewa katika majahazi na kuletwa Freretown moja kwa moja kuanzia mwaka 1875. Wengi wao walitoka kusini, katika nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa na mto Ruvuma. Taarifa zao hupatikana kwa mkumbo: tarehe, chombo kilichowaleta, idadi ya wanaume, wanawake na watoto. Mtafiti akifanikiwa kujua mhenga wake alishushwa na chombo gani, amepata jambo kubwa, kwani waliosafiri katika jahazi moja huenda walinunuliwa au kutekwa katika njia moja ya msafara.

Kundi la tatu ni watoro. Hawa walikimbia mashamba ya pwani na kujihifadhi Rabai na katika vituo vingine vya misheni. Mwaka 1888 wamiliki wao waliwadai kwa nguvu. George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alifanya mapatano nao, fidia ikalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 walihesabiwa kuwa huru, wengi wao wakiwa wa Rabai. Kwa kejeli ya historia, ile fidia ndiyo iliyolazimu majina kuandikwa. Mtoro aliyekuwa amejificha kwa miaka mingi alionekana katika maandishi siku alipotajiwa bei.

4.0 Majina na Kabila Katika Daftari

Chanzo kinachotumiwa zaidi na familia ni daftari la ubatizo. Chanzo hiki kinahitaji kusomwa kwa tahadhari tatu.

Kwanza, jina la ubatizo halionyeshi undugu. Wafadhili wa Uingereza waliochangia malezi ya mtoto waliweza kumchagulia jina, hivyo watu wawili wenye jina moja la Kiingereza huenda hawakuwa na damu moja hata kidogo. Mjukuu anayeunganisha familia mbili kwa sababu ya jina moja huunganisha ukarimu wa wafadhili, wala haunganishi ukoo.

Pili, umri ulioandikwa ni makisio ya mwandishi aliyemtazama mtoto usoni. Kuhesabu mwaka wa kuzaliwa kutokana na makisio hayo, kisha kuufanya msingi wa mfuatano wa vizazi, ni kujenga juu ya mchanga.

Tatu, kabila lililotajwa hupita katika masikio kadhaa kabla ya kufika kwenye karatasi. Pwani, neno "Mnyasa" liliwakusanya watu wa lugha na nchi mbalimbali za eneo la ziwa. Mtoto aliyeuzwa mara tatu njiani angeweza kuitwa kwa jina la watu waliomtoa mwisho. Kwa hiyo "Myao" au "Mnyasa" katika daftari lichukuliwe kuwa dokezo la njia, si hati ya asili.

5.0 Mbotela: Familia Ndani ya Historia ya Kijiji

Mfano unaojulikana zaidi ni kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Mwandishi alizaliwa na kulelewa katika jumuiya ya Freretown, na baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa utumwani. Kitabu kinasimulia jinsi watu walivyokamatwa bara, walivyosafirishwa hadi pwani, walivyookolewa baharini na walivyoishi kijijini. Wahakiki wamejadiliana kama ni historia au riwaya, na wamebainisha kwamba kinawasifu Waingereza waziwazi.

Kwa mtafiti wa nasaba, mjadala huo unafungua swali la manufaa zaidi: kwa nini mwana aliyetaka kueleza habari za baba yake aliandika habari za kijiji kizima? Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba hakukuwa na njia nyingine. Masimulizi ya waliookolewa yalifanana na kukamilishana. Aliyekuwa mdogo mno kukumbuka kutekwa kwake alijifunza kuhusu safari yake kutoka kwa aliyekuwa mkubwa. Kumbukumbu ya mmoja ikawa amana ya wote. Hali hiyo inaeleza pia ukali wa tatizo la ushahidi: tukio analolisimulia mjukuu kuwa la babu yake linaweza kuwa la babu wa jirani, bila yeyote kusema uongo.

Pamoja na hayo, jina Mbotela lilibaki. Jina la bara lililodumu kuwa jina la familia ni uzi mwembamba unaovuka bahari, na ni haki lipewe uzito kuliko jina la ubatizo.

6.0 Ukimya na Wajibu wa Mtafiti

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini aibu iliyoambatanishwa nayo haikufutwa kwa sheria. Katika nchi ambamo mtu huulizwa kabila lake shuleni, ofisini na kwenye posa, familia zenye asili ya utumwa zilikuwa na sababu ya kunyamaza au kujiegemeza kwa majirani. Ukimya huo uliwalinda watoto. Mtafiti anayeuvunja kwa pupa huweza kuwadhuru watu walio hai kwa jina la waliokufa. Na anayeujaza kwa ukoo wa kubuni, wenye chifu na himaya, huwanyang'anya wahenga mara ya pili kile walichopitia kweli.

7.0 Hitimisho

Freretown na Rabai zinaonyesha kwamba kijiji kinaweza kufanya kazi ya ukoo pale ukoo ulipovunjwa. Waliookolewa pamoja walilea watoto pamoja, wakaozana, wakazikana. Kengele iliyowaita bado imeacha jina lake kwa mtaa wa Kengeleni. Mjukuu anayefika mwisho wa majina hajafika mwisho wa historia yake: anaweza kutaja chombo, kituo, walimu na majirani waliomfanya babu yake kuwa mtu wa mahali. Uandishi wa nasaba za aina hii uanze na orodha hiyo ya watu wasiohusiana kwa damu, na palipo pengo, pengo liandikwe.